Nusu Nyumba Iliyoachana na Ardhi

Jana usiku, nimeshasoma dua yangu na kujifunika vizuri, niliota bomba la maji limekaa kwenye ukingo wa kitanda changu.

Sikushtuka. Mie si mtu wa kushtuka ovyo. Nililitazama tu. Lilikuwa bomba la chuma, lile lile linalopita ndani ya nyumba yetu tangu marehemu baba alipoijenga hapa Ngamiani, Tanga, limejikunja kiunoni ili lipate kukaa, na koki yake imeinama mbele kama mzee anayetafuta miwani.

"Shikamoo," nikaliambia, kwa kuwa lilinizidi umri.

"Marahaba, Mwantumu. Umelala, mwanangu?"

"Nimelala."

"Basi amka humu humu ndotoni, tuna kazi."

Hapa niwaeleze kwanza, msije mkanipotea njiani. Nyumba yetu ni moja lakini imegawanywa. Baba alipofariki, mimi na mdogo wangu Mhina tulishindwa kuelewana, tukapiga ukuta katikati. Ukuta haukuwa na macho, ulipita ulipopita. Yeye akabakiwa na jiko, mimi nikabakiwa na bafu. Kwa hiyo mimi hukaanga vitumbua vyangu vya biashara ukumbini, moshi unanitoa machozi, na yeye na mkewe Kibibi huoga uani kama watu walioko kambini. Kila mmoja ana mlango wake, mita yake ya umeme na kiburi chake. Tangu ukuta ule usimame hatujasemezana. Tukipishana barabarani yeye hutazama juu, mimi hutazama chini, na Mungu hututazama wote wawili.

Kitu kimoja tu kiligoma kugawanyika, nacho ni bomba. Maji yanaingilia kwangu ndipo yaende kwake. Siku ya kujenga ukuta, Mhina akamwambia fundi alikate mpakani na kuliunga kwa kipande cha plastiki, ati chuma chake kisigusane na chuma changu. Nilidhani anatania. Fundi akakata.

Basi tangu hapo bomba la upande wa Mhina likaanza kuuma. Ukishika koki, unapigwa shoti mpaka begani. Mtu mwenye akili zake angeita fundi umeme. Mdogo wangu akaita mganga. Mganga akanusanusa, akasema ni jini, na aliyelituma ni mtu wa damu, mwanamke, tena anakaanga. Lo! Ati mie! Wakafunga hirizi kwenye koki, wakaweka na ndala za mpira kando yake, ikawa hakuna anayefungua maji bila kuzivaa. Wakazoea hivyo hivyo. Hata wageni wakija huambiwa, karibuni, ndala zile pale.

Sasa Kibibi alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na asubuhi ya leo ndiyo ilikuwa arobaini yake. Kwetu sisi, mtoto akitoka arobaini huogeshwa uani, kwenye maji yanayotiririka, nyayo zake zikigusa udongo mtupu, na anayemwogesha naye huwa peku. Hakuna ndala wala mkeka. Ni mila, bibi yetu alifanyiwa, na baba alifanyiwa, na Mhina alifanyiwa mbele ya macho yangu. Tena kwa mila hiyo hiyo anayeogesha ni shangazi. Lakini shangazi mwenyewe ndiye mie, mtuma majini, kwa hiyo sikualikwa. Niliwasikia kupitia ukutani wakipanga kwamba Kibibi atamwogesha mwenyewe, mkono mmoja kwenye koki, mwingine umembeba mtoto. Nikalala na hilo kifuani.

Haya, turudi kitandani.

"Kuna nini kule kinachouma watu?" nikaliuliza bomba.

"Mimi," likasema bila haya. "Lakini si kwa kupenda. Pampu ya nduguyo imeoza ndani, umeme unavuja na kuniingia mwilini. Zamani ungepita tu ukashuka ardhini, kwa sababu huku kwako nimefungwa waya wa ethi, ule unaozikwa udongoni. Lakini walinikata, wakanitia shingo ya plastiki, na plastiki haipitishi. Sasa umeme ukiingia kule hauna pa kwenda. Unakaa mwilini mwangu unamngoja mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote atakayenishika akiwa peku."

Nikatupa shuka huko.

Nafungua mlango wa chumbani kwangu, na badala ya ukumbi najikuta uani kwa Mhina. Ni asubuhi kabisa, jua limeshashika kazi yake. Majani ya mstafeli yanang'aa. Na nyumba ya Mhina inaelea.

Naam, inaelea. Nusu yote ile, pamoja na bati lake na dirisha la jiko nililolililia, imeachana na ardhi kwa urefu wa kigoda. Kuku wanapita chini yake. Kibibi anatoka mlangoni, anakanyaga kigoda, anashuka, anaanika nepi, anakanyaga kigoda, anapanda. Haoni ajabu yoyote.

"Hii imeanza lini?" nikauliza.

"Nyumba isiyofungwa kwenye ardhi yake haikai chini," bomba likasema. Lilikuwa limenifuata, linajikokota kwa kiuno. "Kila pampu inapokohoa, inapanda kidogo. Ikishaupita mstafeli, hairudi."

Pampu inakohoa. Nyumba inapanda. Kigoda hakitoshi tena, Kibibi anaweka debe juu yake na kuendelea na nepi zake.

Mhina mwenyewe amekaa kizingitini, miguu inaning'inia, anakunywa chai ya rangi.

"Mhina!" nikamwita. Jina lile lilikuwa halijapita mdomoni mwangu siku nyingi, likatoka na kutu.

Akatazama juu. "Kibibi," akasema, "mwambie huyo mwanamke arudi kwake."

Kibibi alikuwa amesimama karibu yangu kabisa. "Da Mwantumu, anasema urudi kwako."

"Mwambie nyumba yake inapaa."

"Baba Mtoto, anasema nyumba inapaa."

"Mwambie inapaa kwa sababu ya jini lake."

"Anasema ni kwa sababu ya jini lako."

"Nimesikia, wifi."

"Mie natumwa tu," Kibibi akasema, akabana nepi nyingine kwenye kamba.

Sikuwa na wakati wa kuumia. Nikachukua kamba ya katani, katani ya Tanga hasa, ile inayofunga meli isiende, nikaizungusha kwenye nguzo ya baraza na kuikaza kwenye shina la mstafeli. Nyumba ikatikisika, ikatulia. Nikajipangusa mikono. Nikajiona mwanamke wa maana.

"Umefunga nyumba," bomba likasema, "umeme hujaufunga. Katani haipitishi. Mtoto atakufa vile vile, nyumba ikiwa imetulia."

"Sasa nifanye nini?"

"Nifunge mimi. Kwa shaba, kwenye ardhi ya huku huku."

"Si nikuunganishe tu na waya wangu wa kule? Ardhi si ni moja, jamani?"

"Hilo kamuulize Kanuni."

Nageuka nimuulize Kanuni ni nani, najikuta nimesimama mbele ya meza yake.

Ofisi ilikuwa ndani ya ghala la mkonge, marobota yamepangwa mpaka darini. Nyuma ya meza alikaa mama mmoja mnene, mtulivu, anatafuna korosho. Mezani hapakuwa na karatasi hata moja. Hakuhitaji, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye Kanuni.

"Kila makazi yaliyotengana, bomba lake la chuma lifungwe kwenye ardhi yake yenyewe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimemaliza." Akarudi kwenye korosho zake.

"Mama Kanuni, nakuomba. Ile ni nyumba moja. Kaijenga baba mmoja."

"Mnapikia jiko moja?"

"La. Jiko kalichukua yeye."

"Mnaingilia mlango mmoja?"

"La."

"Umeme mnanunulia mita moja?"

"La, kila mtu na yake."

"Mkipishana, mnasalimiana?"

"Hilo nalo limo katika kanuni?"

"Halimo. Nimeuliza kwa umbea wangu tu."

"Hatusalimiani."

"Basi mmetengana," akasema, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Mhina huyu nilimbeba mgongoni. Nilimshika mkono siku ya kwanza ya madrasa, akanilowesha kanga yote kwa machozi. Leo naambiwa na mtu baki, anayetafuna, kwamba tumetengana. Nikaahirisha kulia, kwa sababu kilio kingemkuta mtoto ameshakufa.

"Nipe vya kufungia," nikasema.

Akanipa fimbo ya shaba ndefu kunizidi kimo, na kibano cha kubana bomba. Kisha akapiga makofi. "Bwana Waya!"

Akatoka nyuma ya marobota bwana mwembamba, mrefu ajabu, amevaa kanzu yenye mistari ya kijani na njano kuanzia shingoni mpaka asikoisha. Akanipa mkono kwa adabu.

"Huyu usimkate," Kanuni akaniambia. "Akatike njiani, halafu uje kumuungaunga na vifundo, simtambui. Aende mzima, kutoka ardhini mpaka kwenye bomba. Haya, nenda, mtoto anavuliwa nguo."

Nikamshika Bwana Waya kichwa kwapani, fimbo begani, nikatoka mbio. Nje ya ghala palikuwa sokoni. Mimi natangulia, yeye anafuata, na kadiri ninavyokwenda ndivyo anavyozidi kurefuka. Kichwa chake kimefika kwenye mafungu ya dagaa, miguu bado iko ofisini.

Watu wakamuona, wakamtamani. Mama mmoja anataka aanike kanga zake juu yake, mara moja tu, zikikauka atamwachia. Nikamwambia zitakaukia mgongoni mwake. Babu mmoja anataka kufungia mbuzi. Nikamwambia mbuzi amfunge kwa maneno matamu. Halafu akatokea mnunuzi wa vyuma chakavu, ameshika koleo, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Mama yangu, shaba hiyo! Nikate kipande tu, kama kidole. Hatasikia."

"Nitasikia," akanong'ona Bwana Waya kwapani mwangu.

Akainama, koleo ikafunguka. Nikamkanyaga yule bwana mkono, nikamkandamiza hasa. "Kata uone! Wallahi nitakuchukua wewe nikufunge kwenye bomba!"

Akatazama uso wangu. Akarudisha koleo mfukoni, akasema samahani, hakujua kama ni jamaa yangu.

"Ni jamaa yangu," nikasema, na Bwana Waya akafuta chozi.

Naruka mfereji wa mwisho, natua uani.

Kamba ya katani imekatika. Nyumba ya Mhina iko usawa wa kilele cha mstafeli sasa, na bomba lililobaki limenyooka kutoka juu mpaka kwenye koki ya uani, limevutika mpaka limekonda. Wanawake wa mtaa wamefika kwa ajili ya arobaini. Wametandika mkeka chini ya nyumba, wamewasha vyetezo, wanakula halua.

"Kivuli kizuri leo," anasema mmoja.

"Sana," anasema mwenziwe. "Shangazi wa mtoto yuko wapi?"

Wengine wakakohoa. Mmoja akasogeza sahani ya halua ili apate cha kufanya.

Juu, mlango ukafunguka. Ngazi ikateremshwa. Kibibi akaanza kushuka, mtoto begani, mtupu, ananing'iniza viguu vyake. Kibibi hana ndala. Mganga kasema leo hirizi inatosha.

Nikaisimamisha fimbo ya shaba karibu na koki, nikashika mchi wangu wa kinu. Sijui nao ulitoka wapi, lakini ulikuwa wangu, naujua kwa ufa wake.

"Nipige kichwani," fimbo ikasema. "Usinionee huruma."

Nikapiga. "Hodi!" ikasema fimbo. Kimya. Nikapiga. "Hodi!" Kimya. Udongo umekauka, mgumu kama jiwe, ncha inateleza tu juu yake.

"Hawatufungulii," fimbo ikasema. "Udongo mkavu haupokei mgeni. Lete maji."

Koki ilikuwa pale pale, pua kwa pua na mimi, na ndiyo hasa nisiyoweza kuigusa. Nikakimbia kwangu, nikachukua sufuria ya mchele niliouloweka kwa ajili ya vitumbua, nikarudi nikamwaga yote, maji na mchele wake. Wateja wangu wa asubuhi watanitukana. Wanitukane.

Nikapiga. "Hodi!"

"Karibu," ikasema sauti kutoka chini, nzito, ya mtu aliyelala vizuri. "Karibu ndani. Vua viatu."

Fimbo haina viatu. Nikavua vyangu. Nikapiga tena peku, mchi unapanda unashuka, viganja vinaungua. Hodi, karibu, hodi, karibu, mpaka fimbo ikazama yote, kikabaki kichwa chake tu juu ya ardhi, kinanitazama kwa kuridhika. Nikamfunga Bwana Waya hapo. "Alhamdulillah, nimefika," akasema, akavuta miguu yake kutoka ofisini, ikaja mizima bila mkwaruzo. Nikaishika miguu ile nikaipeleka kwenye bomba, kibano mkononi.

"Ngoja," bomba likasema, limeona haya. "Siwezi kufungwa nikiwa nimevaa. Rangi nayo haipitishi."

Kweli, lilikuwa na rangi ya kijani. Mhina hulipaka kila Idi, koti juu ya koti.

"Sina kisu."

"Una kucha. Lakini waambie wale wanawake wageuke."

"Jamani, geukeni, bomba linavuliwa," nikasema. Wakageuka wote, wengine wakafunika macho ya watoto wao kwa adabu.

Nikagusa rangi kwa ncha ya kidole, na mahali ilipokuwa imebanduka umeme ukanipata. Weee! Nilirushwa nikatua katikati ya mkeka wa wageni, juu ya halua. Mkono mzima ulikufa ganzi. Nikajinyanyua. Nikarudi. Ukanirusha tena. Ardhi iko tayari, waya uko tayari, kucha ziko tayari, lakini bomba haligusiki maadamu pampu ya juu kule inavuja ndani yake.

Kibibi amefika katikati ya ngazi.

"Mhina! Zima swichi kubwa!"

Akatazama juu zaidi, ingawa juu kwake palikuwa pameshabaki mawingu tu. "Kibibi, mwambie huyo..."

"Usimwambie Kibibi! Niambie mie!"

Hata pampu ilizuia kikohozi chake. Mdogo wangu akakaa na kikombe mkononi, anahangaika na neno lake la kwanza.

"Sizimi," akasema. "Wewe ndiye uliyetuma jini. Mganga kasema ni mwanamke anayekaanga."

"Tanga nzima inakaanga, Mhina!"

"Ni kweli," wakasema wanawake, bado wamegeuka.

"Nisikilize," nikasema. "Mie sikupendi hivi sasa, nakwambia wazi. Jiko lile nililitaka. Ukuta ule nauchukia mpaka kesho. Lakini mtoto yule ni wangu pia, na akigusa maji yale atafia mikononi mwa mama yake, hapa, mbele ya wageni, na Kibibi atakufa naye. Ningekuwa mchawi ningekaa kwangu nikangoja nisikie kilio. Niko hapa. Niko peku, mkono wangu hauna uhai. Ona miguu yangu, Mhina. Zima."

Kibibi ameshafika ngazi ya chini. Kidole gumba cha mguu wake kinautafuta udongo.

Mhina akashusha macho. Hakutazama juu wala pembeni, alinitazama mimi, na nikamuona yule yule aliyelowesha kanga yangu mlangoni pa madrasa. Akaweka kikombe kizingitini. Akaingia ndani. Nikasikia swichi kubwa ikianguka, ka!

Nikalirukia bomba. Nakwangua. Kijani kinatoka, chini yake kijani kingine, chini yake kijani cha Idi ya zamani, mpaka chuma kikachomoza, cheupe, kitupu. Nikamzungusha Bwana Waya, nikatia kibano, nikakaza kwa vidole, halafu kwa meno, halafu kwa vidole tena, mpaka bomba likasema basi, Mwantumu, imeshika, utanivunja.

"Washa!" nikapiga kelele.

Akawasha. Pampu ikakohoa. Nyumba haikupanda. Ilisita kidogo, kisha ikaanza kushuka taratibu, kama mtu mzima anayeketi. Wanawake wakasogeza mkeka wao bila kukatiza maongezi. Debe likapondeka, kigoda kikapondeka, kuku wakatoka mbio, na nusu ya nyumba ya baba ikakaa mahali pake karibu na nusu yangu. Mhina akateremsha mguu mmoja kizingitini, akaupapasa udongo kama haujui.

Kibibi akachuchumaa. Akazisimamisha nyayo za mtoto kwenye udongo uliolowa maji ya mchele. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye koki. Ghafla hofu ikanishika upya: je, kama nimekaza vibaya? Je, kama kuna koti la rangi nililolisahau? Nataka kusema subiri, na vidole vyake vinafika.

Nikaamka.

Kumekucha. Jua limeingia chumbani, kitandani hakuna bomba. Ng'ambo ya ukuta nasikia sauti za wanawake, za kweli hizi, na harufu ya ubani inapenya. Wameshafika. Wameanza. Kabla sijateremsha mguu chini, nikasikia koki ya uani kwa Mhina ikilia inavyolia ikifunguliwa.

Nilitaka kupiga ukelele, sauti ikagoma. Maji yakamwagika. Nikashika godoro kwa mikono miwili.

Mtoto akalia. Akalia kwa nguvu, kwa hasira, kilio cha mtu aliyemwagiwa maji ya baridi asiyoyaomba, na hakunyamaza.

"Jamani!" Kibibi akasema. "Leo haliumi! Hebu shikeni muone!"

Vigelegele vikapanda. Mie nimekaa kitandani, machozi yananitoka, hata sijui nimshukuru nani. Ndipo katikati ya vigelegele nikamsikia mdogo wangu, amepandisha sauti.

"Nani kaja kukwangua rangi ya bomba langu?"

Vigelegele vikakatika.

Nikatazama mikono yangu. Chini ya kucha, zote, palikuwa na unga wa kijani. Kwangu mimi hakuna kitu cha kijani. Hata bomba la upande wangu halijawahi kupakwa rangi.

"Nauliza, ni nani?"

Nikajifunga kanga. Nikasogea ukutani mpaka mdomo ukakaribia kugusa chokaa.

"Mie," nikasema. "Dada yako. Nifungulie mlango, mtoto haogeshwi bila shangazi yake."

Maji yalikuwa yakitiririka bado, na mtoto bado analia. Kisha nikasikia komeo la kwa Mhina likivutwa.